Nicodemus, Wall au Marfa: kimji gani cha Marekani nipeleke watoto?

MamaZuu: Habari zenu wadau. Mwisho wa Julai tuna likizo fupi, kila mwaka napeleka watoto kuangalia maghorofa, safari hii nataka waone Marekani ya shamba. Nimebakiza vimji vitatu: Nicodemus (Kansas), Wall (South Dakota) na Marfa (Texas). Tunatoka Denver kwa gari. Waliofika naomba ushauri.

Kijana_wa_Moshi: Kwa watoto Wall haina mpinzani. Kuna duka la dawa pale, Ted Hustead alilinunua 1931, ukame na uchumi mbovu, wakulima hela hawana, wateja hakuna. 1936 mkewe Dorothy akaona magari yanapita tu kwenye lile joto, akasema tuweke mabango barabarani, maji ya barafu bure! Watu wakaanza kukata kona na hawajaacha mpaka leo. Duka limekua hadi limekuwa kama mtaa mzima, na mji wenyewe watu hawafiki 1,000. Hifadhi ya Badlands iko pua na mdomo.

otieno_tx: Marfa naipenda sana lakini toka Denver ni mbali, masaa kumi na moja na zaidi. Ilianza 1883, treni za mvuke zilikuwa zinasimama kujaza maji, baadaye ng'ombe na kambi ya jeshi. Kambi ikafungwa baada ya Vita Kuu ya Pili, mji ukadorora, halafu miaka ya 70 akaja msanii Donald Judd toka New York akanunua majengo, mabanda mawili ya jeshi akayaweka masanduku 100 ya alumini. Sasa mji unaishi kwa sanaa na mahoteli, na bei za nyumba zimewaumiza wenyeji. Nenda na mzee tu, watoto wadogo watachoka.

Bi_Mwanaidi: Dada nenda Nicodemus. Hawa ni watu weusi waliotoka utumwani Kentucky, wakaja 1877 wakaanzisha mji wao wenyewe kwenye mbuga tupu, miti hakuna, wakachimba nyumba ardhini kama mashimo. Kuna mama anaitwa Willianna Hickman alifika 1878, anauliza Nicodemus iko wapi, wanamwonyesha moshi unatoka chini ya ardhi, akalia. Lakini walibaki wakalima ngano, wakajenga makanisa, shule, hoteli! Kilichowamaliza ni reli, 1888 ilipita ng'ambo ya mto na wafanyabiashara wakahamia huko.

Kijana_wa_Moshi: Bi Mwanaidi heshima yako, ila kwa sasa pale si kuna nyumba chache tu? Watoto watafanya nini?

Bi_Mwanaidi: Mwanangu, wakazi ni wachache sana kweli, majengo ya zamani yamebaki matano, serikali imeyatunza kama eneo la kihistoria tangu 1996. Ila wikiendi ya mwisho ya Julai wazawa wanarudi toka kila pembe ya Marekani, kuna gwaride, chakula, ibada, vitukuu wanacheza palepale babu zao walipolima. MamaZuu tarehe zako zinaangukia hapohapo, unangoja nini?

MamaZuu: Bibi asante sana, nimeshaamua, Nicodemus. Wall tutaenda mwakani. Hoteli je?

Bi_Mwanaidi: Laleni Hays, Hill City iko karibu zaidi ila vyumba vichache na wiki ile vinajaa mapema. Jaza mafuta kabla hujafika na beba maji, Kansas Julai jua halina huruma.