Dada amekataa sindano: je, amepoteza haki ya kulea watoto wake?

Kaka wa Mpwapwa:
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Dada yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au kuamini yasiyokuwepo, na kwa miaka minne aliishi vizuri na mumewe kwa kuchomwa sindano kila mwezi. Tangu mwaka jana amegoma, akisema kwamba sindano humkaza taya na kumtetemesha mikono hadi anashindwa kusonga ugali. Mwezi uliopita shemeji aliwapeleka watoto, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 9, kwa wazazi wake, akatutamkia kwamba kichaa anayekataa matibabu hana ndoa wala watoto. Je, ndivyo sheria isemavyo?

Wakili wa kujitegemea:
Sivyo. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinautaja ugonjwa wa akili miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini kinataka madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa na ujuzi wa magonjwa ya akili, wathibitishe kwamba hawana tumaini la mgonjwa kupona. Sioni daktari atakayeharakisha kumwandikia hivyo mtu aliyetulia miaka minne kwa dawa. Kuhusu watoto, kifungu cha 125 kinatanguliza ustawi wao, na kinachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, ingawa baba anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kupinga. Hapo ndipo suala la dawa litakapoingia, kwa sababu hakimu atataka kujua mtoto analishwa na nani, anasoma au hasomi, na kama amewahi kudhurika mama alipozidiwa.

Nililelewa na bibi:
Sipingani na wakili, ila mama yangu naye alikataa dawa, na kuna usiku alitutoa nje tukalala migombani tukidhani ni mchezo. Baba alifanya vyema kutuhamisha. Kosa lake, ambalo sijamsamehe, ni kumzuia mama asituone kwa miaka mitatu. Msigombane na shemeji yenu kwa kuwahamisha watoto; mwulizeni ni lini mama yao atawaona.

Muuguzi mstaafu:
Taya kukaza na mikono kutetemeka ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya sindano hizo. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza ya kuyatuliza. Kuna aliyemwuliza kwa nini anakataa? Malalamiko hayo yaandikwe kwenye faili lake, maana huenda likasomwa mahakamani.

Kaka wa Mpwapwa:
Nashukuruni. Nimelitazama faili: limeandikwa "amekataa" tu, bila sababu. Dada amekubali kwenda kliniki Jumatatu, mradi asilazimishwe sindano ileile. Shemeji naye, baada ya mjomba kuzungumza naye, ameahidi kumleta mdogo Jumamosi. Kuhusu mkubwa bado hajajibu.