Afisa Tawala chuo kikuu cha umma, Daraja la II mwaka wa saba: nianzie wapi?

Mtumishi_TZ: Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaoujua utumishi wa vyuo. Ni Afisa Tawala Daraja la II kwenye chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, nina shahada ya kwanza, nimeshathibitishwa kazini na sina onyo lolote. Ili kupanda Daraja la I, muundo wa utumishi wa kada yetu unataka utumishi usiopungua miaka 3; mimi niko mwaka wa saba na bado sijapandishwa. Nikiuliza naambiwa subiri bajeti, huku wahadhiri tulioajiriwa pamoja wanapanda. Nisome uzamili, nihame, au kuna hatua nairuka?

Ikama: Mkuu, usijipime na mhadhiri. Yeye anaomba mwenyewe: machapisho yake yanapelekwa kwa wapimaji, yakitosha jina linaenda kwenye kamati. Wewe huombi. Jina lako linatoka ofisi ya rasilimaliwatu, linaingia kwenye ikama (idadi ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa) na bajeti ya mishahara, linasubiri kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi, ndipo mamlaka ya ajira inakaa kuamua. Lisipokuwamo kwenye ikama, hata mkuu wako akutetee vipi, unasubiri mwaka wa fedha mwingine. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo kuuliza Mei ni kuchelewa. Uliza Oktoba au Novemba, makadirio yakiwa bado mezani.

"Subiri bajeti" inaweza kuwa kweli, lakini mara nyingi inaficha jalada lenye pengo. Hakikisha barua ya kuthibitishwa kazini imo ndani, maana wengine wanayo nyumbani lakini masjala haina nakala. Angalia tarehe ya cheo kwenye mfumo wa taarifa za watumishi: ikikosewa, unaonekana hujafikisha muda. Halafu angalia tathmini za kila mwaka. Fomu za OPRAS, tathmini ya karatasi ya zamani, nyingi zilisainiwa upande mmoja zikabaki kwenye droo ya mkuu wa idara.

Mama Masjala: Naongezea hapo kwenye tathmini, maana sasa ni PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi ya OPRAS, na watu wa utawala wanaumia sana. Msimamizi wako chuoni kwa kawaida ni mhadhiri aliyepewa ukuu wa idara kwa kipindi. Kipindi kikiisha anarudi darasani, majukumu yako yanabaki kwenye akaunti yake bila kuidhinishwa, na mgeni hayaoni. Ukisikia mkuu anabadilishwa, mwombe aidhinishe kila kitu kabla hajakabidhi ofisi, kisha waone rasilimaliwatu wakubadilishie msimamizi kwenye mfumo wiki hiyohiyo.

Na acheni kuandika "kufanya kazi nyingine nitakazopangiwa". Hiyo haipimiki. Andika hivi: kuandaa mihtasari ya vikao 4 vya bodi ya idara na kuisambaza ndani ya siku 7 baada ya kila kikao. Hapo msimamizi ana cha kuhesabu, nawe una ushahidi wa kuambatisha.

Mtumishi_TZ: Asanteni sana. Na uzamili je?

Mdau wa Vyuo: Soma kama unalenga nafasi za juu za utawala, lakini cheti hakikupandishi Daraja la I. Kinachohesabika hapo ni muda, utendaji na nafasi yenye fedha. Ukisoma, uwe kwenye mpango wa mafunzo wa chuo na uwe na barua ya ruhusa, la sivyo utarudi na cheti ambacho mwajiri hakitambui.

Wanaotoka kada za chini, mfano msaidizi wa kumbukumbu aliyepata shahada, wajue kwamba kubadilishwa kada kunahitaji nafasi na kibali, na anaanza chini ya kada mpya. Kama mshahara wake wa zamani ulikuwa mkubwa zaidi, aombe barua inayosema wazi kwamba anabaki nao kama mshahara binafsi. Bila hiyo atashuka.

Kuhama kunaombwa kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, ila huko uendako lazima kuwe na nafasi na fedha. Ngazi za mishahara za vyuo si zile za halmashauri, linganisha kwanza. Kuhama na jalada lenye pengo ni kulihamisha pengo.

Ikama: Wengine wanaridhika na kukaimu. Kukaimu hakukupi cheo, na Kanuni za Kudumu za mwaka 2009 hazikukusudia mtu akaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi 6.

Usiulize kwa mdomo, mkuu. Andika barua kupitia kwa mkuu wa idara, kichwa: YAH: HALI YA UPANDISHWAJI CHEO. Ndani inatosha hivi: "Naomba kujulishwa tarehe ya cheo changu iliyo kwenye mfumo, nafasi yangu kwenye tange la kada, na kama jina langu limo kwenye ikama ya mwaka wa fedha ujao." Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, na uandike namba ya folio, yaani namba ya barua yako ndani ya jalada. Tange ni orodha ya watumishi wa kada kwa ukubwa wa cheo na muda kazini.

Mama Masjala: Na nakala hiyo mwoneshe mwakilishi wenu kwenye Baraza la Wafanyakazi, awe wa THTU au RAAWU, vyama vya wafanyakazi wa vyuo. Bajeti ya chuo inajadiliwa pale. Aulize nafasi ngapi za kupandisha vyeo kada ya utawala zimetengewa fedha, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.