Naomba ushauri: tairi za theluji kwenye barabara za Mbeya

Habari za majukumu, ndugu zangu. Ninaishi Uyole, na mwezi uliopita nilipokea gari dogo lililotumika Japani, likiwa na tairi nne zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za namba iliyoandikwa ubavuni ni 3519, yaani zilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) bado ni ndefu, lakini zimechanjwa mistari myembamba kama ya wembe, na nikizibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea.

Fundi wangu ameeleza kwamba mpira huo umefanywa laini ili usikakamae baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7, na kwamba kwenye lami yenye joto huisha haraka. Huku kwetu baridi ya namna hiyo huja alfajiri za Juni na Julai tu, kisha jua likichomoza inaondoka.

Kinachonitia hofu ni breki. Jumamosi iliyopita, nikishuka kuelekea Tukuyu katika mvua na ukungu, nilikanyaga breki na gari likaserereka hatua kadhaa kabla ya kusimama, mama yangu akiwa kiti cha mbele. Desemba natarajia kwenda naye Dar es Salaam, na mteremko wa Kitonga nauheshimu sana.

Kwa aliyewahi kutumia tairi hizi: je, nibadilishe zote nne sasa, au zinaweza kunifaa kwenye tope la masika nikiendesha polepole? Kuchanganya mbili mpya na mbili hizi naona ni hatari, ila fedha niliyonayo inatosha mbili tu.