Nimepata mkwaju wa porini wa kufanyia bonsai (mti unaokuzwa mdogo kwenye chombo), niuchimbe vipi usife?

Mkwajumdogo:
Wakuu habari zenu. Kuna mkwaju nimeuona kwenye mwinuko wa mawe, kwa urefu haufiki hata kiunoni ila shina nene kama paja langu na limepinda vizuri sana, nadhani mbuzi wameutafuna miaka na miaka. Mwenye shamba nimeshaongea nae kakubali niuchukue. Sasa shida, mwaka jana nilichimba mwingine, baada ya wiki tatu ukatoa majani nikafurahi nikaanza kuuwekea mbolea na kuufunga waya wa kupinda matawi, haukupita muda majani yakanyauka yote ukafa. Nilikosea wapi? Huu sitaki kabisa niupoteze.

Shinanene:
Pole sana kaka. Yale majani ndo yalikudanganya. Mti ukikatwa mizizi unabaki na akiba ya chakula ndani ya shina, hiyo ndo unaitumia kuchipua, kwa hiyo majani yanatoka hata kama huko chini hakuna mzizi mpya hata mmoja, halafu akiba ikiisha na maji hayapandi ndo unanyauka ghafla. Mimi wa kwanza kunifia niliung'oa kuangalia, nikakuta mizizi iko vilevile nilivyoikata, mikavu, hakuna hata kiuzi kimoja cheupe. Tangu siku hiyo majani ya kwanza siyahesabu. Nasubiri machipukizi yarefuke na kukomaa, na nione mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini ya chombo, hapo ndo naanza mbolea kidogo kidogo. Waya wa kupinda matawi usiuguse mwaka mzima, miwili ikibidi.

Fundi wa Mizizi:
Aliyosema Shinanene ni kweli tupu, mimi naongezea kwenye kuchimba maana huko ndo miti mingi inakufia. Ile mizizi minene inaushikilia mti tu usianguke, maji yananyonywa na ile myembamba kama nywele, na kwenye mawe hiyo mara nyingi iko mbali na shina. Mkwaju nao una mzizi mkuu unaozama chini sana. Kama mwenye shamba anaweza kukuvumilia usiutoe mwaka huu. Chimba mtaro nusu duara upande mmoja, kata mizizi kwa msumeno mkali, rudishia udongo mwepesi na umwagilie, msimu unaofuata fanya upande wa pili, mti utaota mizizi myembamba karibu na shina na ukija kuutoa unatoka na chakula chake. Kipindi kizuri ni mvua zinapoanza. Kwa wanaoishi kwenye baridi kali ni mwisho wa baridi kabla macho ya matawi hayajafunguka.

Mkwajumdogo:
Asante sana wakuu. Ila mwenye shamba anasafisha eneo msimu huu huu, mwaka mzima siwezi kuupata. Nifanyeje?

Fundi wa Mizizi:
Basi chukua donge kubwa la udongo na mizizi yake kadiri unavyoweza kubeba, na nenda na magunia yaliyolowa maana mizizi myembamba ikipigwa jua na upepo dakika chache tu imekauka. Juu punguza matawi bila huruma, mkwaju unachipua vizuri hata kwenye shina tupu. Panda kwenye sanduku la mbao lisilozidi sana ukubwa wa mizizi, tumia kokoto ndogo za volkano zilizochekechwa vumbi lote, zishindilie kwa kijiti katikati ya mizizi zisiache uwazi. Halafu ufunge mti kwenye sanduku kwa waya mpaka ukiusukuma hauchezi, kila ukitikisika vile viuzi vipya vinakatika na unaanza upya. Weka kivulini, funika na nailoni uwe na unyevu.

Bi Mreteni:
Kwa wengine mnaosoma hapa mkiwa na msunobari au mreteni (miti ya majani kama sindano au magamba) tafadhali msikate hivyo. Miti hiyo, tawi ukilitoa majani yote limekufa, akiba yake kubwa iko kwenye majani. Wala msioshe udongo wote kwenye mizizi, kuna kuvu wanaoishi nayo wakiisaidia kunyonya, acheni donge la udongo wa kwao na mlibadilishe nusu nusu kwa miaka. Huku kuchimba miti ya porini Wajapani wanakuita yamadori, yama ni mlima na tori ni kuchukua, na nyingi ya bonsai zao kongwe za mireteni zilitolewa milimani. Na hata kama mti uko peke yake porini ruhusa ni lazima, kwenye hifadhi hatugusi.

Mkwajumdogo:
Nimekuelewa dada. Swali la mwisho, ukikaa miezi bila kuchipua nitajuaje kama upo hai?

Shinanene:
Kwaruza gome kwa ukucha, sehemu ndogo tu kama punje ya mchele. Ukiona kijani chenye unyevu endelea kusubiri, ukikuta kahawia kavu shuka chini kidogo ukwaruze tena, maana unaweza kufa juu ukabaki hai karibu na mizizi. Na usiwe unauchomoa kuangalia chini.

Mkwajumdogo:
Poa kaka. Naenda kutafuta magunia, mawingu yameshaanza kukusanyika huku.