Ushauri: soksi za kubana baada ya mama kubadilishwa nyonga, na joto hili la Tanga

Binti_Makorora
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 67, amebadilishwa nyonga ya kulia Dar na sasa tunamuuguza nyumbani hapa Tanga. Kidonda kipo nyuma ya nyonga. Ameruhusiwa na soksi nyeupe za kubana zinazoishia chini ya goti, pamoja na sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda. Tumeambiwa avae usiku na mchana, basi. Sasa tumekwama: kumvalisha ni vita, ukingo wa juu unajikunja na kumwachia alama, joto linamtesa, na anataka kuvua kila akitaka kutia udhu. Jirani naye anashauri tumchue vigimbi kwa mafuta ya nazi ya moto ili damu itembee. Naomba mwenye kujua anielekeze.

Fizio_Pwani
Pole kwa kuuguza, dada. Naanza na kuvalisha, maana hapo ndipo nyonga inaweza kuchomoka. Kwa kidonda cha nyuma, hatari ni paja kukunjwa kupita nyuzi 90, mguu kugeuziwa ndani, au kuupitisha juu ya mwenzake. Mgonjwa akijivalisha soksi mwenyewe anaweza kuyafanya yote matatu kwa mkupuo. Asijaribu, hata akijiona ana nguvu.

Mvalishe asubuhi kabla hajashusha miguu kitandani. Akishakaa kwenye kiti, mguu unaanza kujaa na kazi inakuwa ngumu. Alale chali, mguu umenyooka, vidole vinatazama dari. Vua pete, kata kucha, vaa glavu za mpira zile za kuoshea vyombo. Mkono mtupu unateleza. Ingiza mkono ndani ya soksi ushike kisigino chake, kisha ipindue ndani-nje mpaka hapo kwenye kisigino. Panua mdomo wake kwa vidole gumba, ingiza mguu, ukalishe kisigino cha soksi juu ya kisigino cha mama. Usiendelee kabla hakijakaa sawa, kwa sababu kikikaa pembeni soksi yote inapanda imejipinda.

Sasa ipandishe kidogokidogo kwa kusukuma kitambaa kwa viganja. Usivute kwa kushika ukingo wa juu: juu patatanuka na kifundoni patabaki mikunjo. Usiunyanyue mguu sana wala kuugeuza ndani ili wewe upate nafasi. Zunguka kitanda wewe.

Kama soksi ina tundu la vidole, mvike kwanza kipande cha satini mguuni, pitisha soksi juu yake, halafu ichomoe satini kupitia tundu. Inapunguza msuguano sana.

Muuguzi_Mstaafu
Zile alama za ukingo ndizo zimenishtua. Soksi hizi zimefumwa zibane zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda, ili damu isukumwe kwenda juu. Nyingi za hospitali zinabana kiasi cha 14 hadi 18 mmHg (kipimo cha mgandamizo) kifundoni. Ukingo ukijikunja, unafunga chini ya goti kama kamba, na damu inazuiwa badala ya kupandishwa. Hapo ni afadhali asingevaa kabisa.

Kujikunja kuna sababu mbili za kawaida: soksi ni ndefu kuliko mguu, au kigimbi kimevimba kuliko kilivyokuwa siku ya kupimwa. Pima upya. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, asubuhi, mama akiwa bado kitandani. Zungusha mahali pembamba kabisa juu ya kifundo, kisha mahali panene kabisa pa kigimbi, halafu pima urefu toka kisigino mpaka kwenye mkunjo wa goti. Miguu yote miwili, usikadirie mmoja kwa mwingine. Uliopasuliwa mara nyingi huwa mnene zaidi na unaweza kuhitaji saizi yake. Linganisha na jedwali la kwenye pakiti. Saizi ya kiatu haina kazi hapa. Ikivaliwa vizuri, ukingo unaishia vidole viwili chini ya mkunjo wa goti. Ikizidi, usikunje wala usikate, tafuta fupi.

Kila ukimtembelea chumbani, bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka ubadilike, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3. Ikichelewa, au vidole vikiwa vya baridi, vina ganzi au vinachoma, vua soksi na mpigie daktari.

Pia naomba ujibu: mama ana kisukari, au aliwahi kuambiwa damu haifiki vizuri miguuni?

Binti_Makorora
Asante sana, bi mkubwa. Kisukari anacho, cha vidonge. Hospitali wanajua. Miguu ilipimwa mapigo kabla ya kuvalishwa.

Muuguzi_Mstaafu
Vizuri kwamba mapigo yalipimwa. Lakini kisukari kinaweza kuua hisia za unyayo, soksi ikamchubua asisikie. Kwa hiyo usimuulize tu kama panauma. Vua uangalie kwa macho asubuhi na jioni. Kisigino, juu ya mifupa ya kifundo, ubavu wa kidole kidogo, na pale ukingo unapokaa. Ukiona lengelenge, weusi mpya au ngozi iliyolainika, soksi zikae pembeni mpaka daktari aseme.

Dukani_Ngamiani
Kuhusu joto na usafi. Vua mara moja kwa siku kwa ajili ya kuogesha mguu, isizidi nusu saa. Kausha vizuri katikati ya vidole, fangasi wanaanzia hapo kwa unyevu wa pwani yetu. Mafuta ya nazi yanalegeza elastiki na soksi inateleza, kwa hiyo mpake kidogo mara baada ya kuosha na usimvalishe mpaka ngozi iwe kavu ukiigusa.

Nunua jozi mbili. Moja ikifuliwa, nyingine ipo mguuni. Fua kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Jiki hapana, kukamua kwa kusokota hapana, pasi hapana. Ikandamize ndani ya taulo, ianike kivulini ikiwa imelazwa. Jua la mchana linaua elastiki upesi.

Na tafadhali msinunue za wanariadha kwa sababu tu zinafanana, wala msijipandishie mpaka 20–30 mmHg mkidhani kubana zaidi ni kupona zaidi. Mguu wa kisukari hauhitaji majaribio.

Ustadhi_wa_Barabara_ya_15
Suala la udhu: kuvua mara tano kwa siku kunaharibu matibabu, na kila kuvalisha upya kunaitikisa nyonga. Nendeni kwa sheikh wenu na karatasi ya daktari, mwelezeni kwamba soksi ni tiba na haziruhusiwi kuvuliwa ovyo. Mlango wa kupangusa kwa mkono wenye maji badala ya kuosha mguu upo kwenye fiqhi, una masharti yake, na yeye ndiye atakayewaambia mama anaingia wapi. Kuswali, akae kwenye kiti kirefu. Mkeka auache kwa sasa.

Fizio_Pwani
Nimalizie la kuchua. Hapana, wala maji ya moto. Kama kuna damu iliyoganda ndani ya kigimbi, kukandwa kunaweza kuing'oa ikasafiri mpaka kwenye mapafu. Cha kufanya ni kukunja na kunyoosha kifundo mara 10 kila saa akiwa macho, na kutembea kidogokidogo na magongo.

Na soksi hazichukui nafasi ya sindano. Sindano zikiisha kabla ya siku alizoandikiwa, hilo ni tatizo kubwa kuliko soksi kulegea. Muda wa soksi unatofautiana: mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaziweka pamoja na sindano za siku 28, na soksi zinaishia siku ya kutoka hospitali, madaktari wengine huendelea mpaka wiki 6. Mpigieni aliyempasua, mumuulize tarehe.

Mguu wa upasuaji kuvimba jioni na kupungua asubuhi ni kawaida. Kigimbi kikiuma, kikawa cha moto, au uvimbe usishuke hata baada ya kulala, apelekwe siku hiyohiyo. Akipungukiwa pumzi ghafla, akichomwa kifuani akivuta hewa, au akikohoa damu, ni hospitali ya Bombo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Tafuteni gari, kiti cha mbele kisogezwe nyuma na kuinuliwa kwa mto. Bajaji ina kiti kifupi, itamkunja nyonga.

Binti_Makorora
Mungu awalipe. Nimepima sasa hivi: kifundo cha kulia sentimita 24, kigimbi 38, kushoto 23 na 35. Pakiti inasema kigimbi mwisho 36.

Muuguzi_Mstaafu
Basi ya kulia ni ndogo, ndiyo maana inajikunja. Mvue hiyo ya kulia, mpigie daktari leo umpe vipimo hivyo hivyo na umwambie kigimbi kimemzidi mwenzake kwa sentimita 3. Tofauti hiyo atataka kuisikia kabla hujaenda kununua saizi kubwa, maana huenda ni damu iliyoganda.