Naomba ushauri: silali bila kutazama watu wakila

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Wete, peke yangu tangu mume wangu asafiri. Kila usiku natazama mukbang, zile video zilizotokea Korea Kusini: mtu na sinia la tambi na kaa, anatafuna mbele ya kamera. Nikianza saa tatu, nashtukia saa nane. Mwanzo ilikuwa kama nimepata mtu wa kula naye. Sasa mchuzi wangu wa pweza unapoa sahanini, na nikizima simu njaa inanishika, namaliza mkate wa kumimina mzima, kisha najichukia. Dada yangu anasema ni upweke tu, nifute programu. Nimeifuta mara tatu, wallahi, nairejesha. Aliyepitia haya alifanyaje? Na hapa Pemba nimwendee nani?