Nimepitiliza siku 9 na natokwa na uchafu ukeni, naombeni ushauri

Kimya_Kingi: Wakuu, mzunguko wangu ni siku 28 na huwa haubadiliki. Mwezi huu nimepitiliza siku 9, tena natokwa na uchafu wa njano wenye harufu. Mimba haiwezekani. Hii ni fangasi? Kuna antibiotiki zilibaki ndani, nataka kuzimalizia leo. Matusi sitaki.

Mama_Wawili: Mie nilipitiliza wiki mbili kipindi cha mitihani, nikajua ndo basi tena. Kumbe mawazo. Siku ya karatasi ya mwisho ikaja mle mle ukumbini, na sketi nyeupe. Acha tu.

Nesi_Mstaafu: Hayo ni mambo mawili, usiyafunge kamba moja. Uchafu wa fangasi ni mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda, unawasha sana ila haunuki. Wa kijivu wenye shombo ya samaki, mara nyingi ni bakteria wamezidi. Wa njano au kijani, fikiria magonjwa ya zinaa: trikomona, kisonono au klamidia, na hapo mwenzi naye anatibiwa. Kwa macho tu huwezi kujua, kapime. Na hiyo mimba haiwezekani kwa nini?

Kimya_Kingi: P2 ilimezwa, ile ya dharura ya kuzuia mimba.

Nesi_Mstaafu: Lini? Mara ngapi?

Kimya_Kingi: Mara mbili mwezi huu. Ya pili ilichelewa, siku ya nne. Ila tunaaminiana, ndiyo maana kondomu tuliacha.

Mzee_wa_Busara: Mngeoana kwanza haya yote yasingekuwepo.

Mama_Wawili: Mzee, mie nimeolewa miaka 11 na fangasi nawajua kwa majina.

Nesi_Mstaafu: P2 ni ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Yenyewe pia huvuruga siku. Pima mkojo wa asubuhi. Ukikuta hakuna na hedhi bado, rudia baada ya wiki. Hizo antibiotiki acha, zinaua hata bakteria walinzi, fangasi ndo wanashamiri. Na usijioshe ndani. Tumbo linauma?

Kimya_Kingi: Chini kushoto, anasema kanakuja na kuondoka.

Fundi_Redio: ANASEMA?? Wakuu, hii chai, tena haina sukari. Dume limevaa gauni humu. Uzi ufungwe.

Mzee_wa_Busara: Nilijua tangu mwanzo.

Kimya_Kingi: Simu imekosea kuandika. Nahisi.

Fundi_Redio: Hahaha, simu!

Nesi_Mstaafu: Chai au si chai, hedhi imechelewa na maumivu yako upande mmoja: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Akiona damu, kizunguzungu au maumivu ya bega, hapo ni dharura. Zile dawa zilizobaki zilikuwa za nani?

Kimya_Kingi: Zangu. Mkojo ulikuwa unaunguza mwezi uliopita. Nilipata nafuu nikaacha. Yeye sikumwambia.

Mama_Wawili: Ee Mola.

Nesi_Mstaafu: Yuko wapi sasa hivi?

Kimya_Kingi: Amelala. Amesema anahisi kizunguzungu. Nimwamshe?

Nesi_Mstaafu: Mwamshe. Nendeni hospitali sasa hivi, na ukifika umwambie daktari habari ya mkojo kabla hajauliza.